MTANDAO SI BANDO: Jinsi ya Kuunganisha Kipakatalishi na Kompyuta Ndogo Bila Nyaya

Mwaka huu mhariri amenipa kurasa chache niandike somo, nami nimechagua jambo ambalo wengi hudhani halina pahali katika jarida la Kiswahili. Nitaeleza jinsi kipakatalishi kinavyounganishwa na kompyuta ndogo kwa mawimbi ya hewani, bila waya hata mmoja katikati. Tafadhali msikimbie! Kila neno geni nitalimenya kama hindi, mpaka punje zionekane.

Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwamba wapo wanaosema ati Kiswahili hakiwezi sayansi, ni lugha ya mashairi na taarabu tu. Nataka wasome ukurasa huu kisha waniambie tena. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba hapa shuleni karibu kila mtu anaamini kuwa bila bando hakuna mtandao. Imani hiyo si ya kweli, na inatuchelewesha.

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni kengele ikilia, kila mtu anashika njia yake. Wengi wetu tukifika nyumbani hakuna kompyuta, bando la kusomea halipo, na wengine hata stima hawana. Saa ile moja tunayoingia katika maabara ya kompyuta ndiyo saa yetu. Sasa tuseme insha bora, maswali ya mitihani iliyopita na hadithi za fasihi simulizi tulizorekodi vijijini zimekaa zote ndani ya kipakatalishi kimoja, na sisi wanachama ni 42. Gawanya dakika 60 kwa 42. Haifiki dakika moja na nusu kwa kila mmoja! Hapo utasoma nini, jameni?

Basi jambo ninalotaka ulishike kabla hatujaendelea ni hili: mtandao ni makubaliano kati ya mashine. Intaneti ni mtandao mmoja mkubwa mno, lakini si mtandao wa pekee. Mashine mbili zilizo chumba kimoja zaweza kuzungumza kutwa kucha bila mtu yeyote kulipa senti.

MANENO KWANZA

Neno mtandao linatokana na kitenzi tanda, ndugu ya utando wa buibui. Buibui haombi ruhusa ya mtu ili atande pembeni mwa dari. Anaunganisha ukuta na ukuta kwa uzi wake mwenyewe. Kipakatalishi nacho kinatokana na kupakata, kama mama anavyompakata mwana mapajani. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema laptopu na mwingine kipakatalishi, wanataja kitu kimoja.

Kompyuta ndogo je? Wengi wakisikia kompyuta hufikiria skrini, kibodi na kipanya. Lakini kompyuta nyingi duniani hazina skrini wala kibodi ya maana. Zimefichwa ndani ya vifaa vingine zikifanya kazi moja tu. Ile mita ya stima inayopokea tokeni nyumbani ina kompyuta ndani yake. Mashine ya kutolea pesa benki inayo. Hata gari la kisasa lina kompyuta kadhaa, moja ikiangalia injini na nyingine breki.

Ya kujifunzia inayojulikana sana ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwezi wa Februari 2012. Mmoja wa waanzilishi wake, Eben Upton, alikuwa ameona kwamba vijana waliokuja chuoni kusomea kompyuta walikuwa na ujuzi mdogo kuliko wale wa miaka ya nyuma, kwa kuwa kompyuta za nyumbani zilikuwa zimegeuka kuwa za kutumia tu, si za kufungua na kujaribu. Basi wakatengeneza kompyuta ya bei nafuu, ubao mmoja wenye upana wa kadi ya benki. Zile za mwanzo hazikuwa na redio ya Wi-Fi ndani. Ya kwanza kuwa nayo ilikuwa Raspberry Pi 3, mwaka wa 2016. Mwaka wa 2017 ikaja Zero W, na mwaka wa 2021 ikaja Zero 2 W, ambayo ina urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Unaweza kuificha ndani ya kiganja. Mwalimu wetu wa Kompyuta analo ubao kama huo, na ndiyo tuliojifunzia.

MAWIMBI YENYEWE

Wi-Fi si miujiza. Ni redio, tena binamu wa redio unayosikilizia taarifa ya habari. Tofauti ni idadi ya mitetemo. Kidato cha pili tulifundishwa kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na marudio yake ukizidisha kwa urefu wake. Mawimbi ya redio husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina wimbi la urefu wa mita 3. Wi-Fi ya kawaida hutumia gigahezi 2.4, yaani mitetemo 2,400,000,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata mita 0.125, ambayo ni sentimita 12 na nusu. Ndiyo maana antena yake inaweza kuwa fupi hata ikachorwa juu ya ubao wenyewe.

Kutokana na hesabu hiyo utaelewa mambo mengine. Wimbi hupungua nguvu kadiri linavyosafiri: mahali pa wazi, ukienda mbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Ukuta wa mawe hulipunguza. Kabati la chuma na mabati hulirudisha lilikotoka. Maji hulimeza, na mwili wa mwanadamu una maji mengi. Kwa hivyo darasa likijaa watu mawimbi hupata taabu kidogo kupita. Ukitaka kuweka kompyuta yako ndogo pahali pazuri, iweke juu, wazi, mbali na kabati la chuma.

Lakini je, mashine kumi zikisema kwa pamoja hewani, si kelele tu? Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka wa 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, ili kompyuta za visiwa mbalimbali ziwasiliane bila nyaya za kupita baharini. Norman Abramson ndiye aliyeuongoza. Kanuni yao ilikuwa rahisi: tuma ujumbe wako; ukigongana na wa mwenzako, ngoja muda kidogo usiopangwa, kisha utume tena. Wi-Fi, ambayo kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1997, iliongeza adabu: sikiliza kwanza kabla ya kusema. Kama kuna mwingine anasema, ngoja. Ukimaliza kutuma, mwenzako anakujibu kwa ufupi kwamba amepokea, asipojibu unarudia.

Sisi tunaofanya mijadala kila Alhamisi tunaijua adabu hii. Tofauti ni kwamba mashine huifuata, nasi wakati mwingine hatuifuati!

MAKUBALIANO MANNE

Mashine mbili haziwezi kuzungumza mpaka zikubaliane mambo manne. Ukiyajua haya, hata ukipewa kifaa ambacho hujawahi kukiona utajua pa kuanzia.

La kwanza ni jina la mtandao. Mmoja hutangaza jina hewani, mwingine hulisikia. Ndilo lile unaloliona ukifungua orodha ya Wi-Fi.

La pili ni neno la siri. Hili halifungui mlango tu. Kutokana nalo mashine hutengeneza funguo za kuyachanganya maneno yote yanayopita hewani, ili jirani akiyanasa asielewe kitu.

La tatu ni anwani. Kila mashine katika mtandao hupewa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Namba zinazoanza na 192.168, na zile zinazoanza na 10, zimetengwa kwa mitandao ya ndani ya nyumba, shule na ofisi. Hazitumiki kwenye intaneti ya nje. Mgeni akifika, mwenyeji wa mtandao humpa anwani isiyo na mtu, kama vile mwenye nyumba anavyomwonyesha mgeni kiti kisichokaliwa.

La nne ni lugha, ambayo wataalamu huiita itifaki. Anwani inakufikisha mlangoni, lakini ukifika utasema nini? Kwa kutoa amri kuna lugha iitwayo SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka wa 1995. Kwa kusoma kurasa kuna nyingine, ile ya http. Mashine zote mbili lazima zijue lugha moja, la sivyo itakuwa kama bubu kumsalimu kipofu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Unahitaji kipakatalishi, Raspberry Pi yenye Wi-Fi, kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi, chaja nzuri ya volti 5, na kwa kuanzia ruta yoyote, hata kama haina intaneti. Sema kweli, intaneti itahitajika mara moja, siku ya kupakua programu. Mwalimu wetu alizipakua kwake, akatuletea katika kipakatalishi chake. Baada ya hapo hatukuhitaji tena.

Hatua ya kwanza: tayarisha kadi. Chomeka kadi katika kipakatalishi, fungua programu iitwayo Raspberry Pi Imager, uchague aina ya ubao, mfumo endeshi na kadi. Kabla ya kuandika kadi, programu inakuuliza kama unataka kuweka mipango yako. Usiruke hapo! Kwa kuwa kompyuta ndogo haina skrini, hii ndiyo nafasi ya kuiambia kila kitu mapema, kama mzazi anayemwagiza mtoto kabla hajapanda gari. Jaza jina la kompyuta, tuseme maktaba. Jaza jina la mtumiaji, tuseme chama, na neno lake la siri. Jaza jina na neno la siri la Wi-Fi ya ruta. Chagua nchi, KE, yaani Kenya. Mwisho, ruhusu SSH.

Nchi ina maana gani? Kila nchi ina sheria zake kuhusu mawimbi yapi yatumiwe na kwa nguvu gani. Raspberry Pi isipoambiwa iko nchi gani huweza kuizima redio yake kabisa, nawe utakaa ukingoja mpaka jua lichwe.

Hatua ya pili: chomoa kadi, itie katika Raspberry Pi, kisha washa stima. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa, kwa sababu inajipanga. Taa ndogo itakonyeza. Iache.

Hatua ya tatu: bisha hodi. Unganisha kipakatalishi na ruta ileile, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike:

ping maktaba.local

Amri hii hutuma kipande kidogo cha ujumbe kinachosema hodi, na mwenzako akiwepo anajibu karibu. Skrini itaonyesha jibu lilichukua sehemu ngapi za sekunde. Chumba kimoja mara nyingi ni milisekunde chache tu. Ukiona majibu, makubaliano ya kwanza, ya pili na ya tatu yametimia.

Hatua ya nne: ingia ndani.

ssh chama@maktaba.local

Siku ya kwanza utaulizwa kama unaitambua mashine hiyo, andika yes. Kisha andika neno lako la siri. Ukiandika hutaona herufi wala nyota. Usishtuke, mashine inakusikia, imekataa tu kumwonyesha aliyesimama nyuma yako. Ukikubaliwa, maneno unayoona sasa si ya kipakatalishi chako tena. Unakaa hapa, mikono yako inafanya kazi kule! Kuizima baadaye andika sudo poweroff, ungoje taa itulie ndipo uchomoe. Kuchomoa ghafula kunaweza kuharibu kadi.

IKIKATAA

Usianze kubahatisha. Fuata makubaliano kwa mpangilio. Kama hodi haijibiwi, angalia jina na neno la siri kwanza. Herufi kubwa na ndogo si sawa, yaani Shule na shule ni maneno mawili kwa mashine. Kisha angalia mawimbi: Zero 2 W husikia gigahezi 2.4 peke yake, na ruta zingine hutangaza ya 5 tu. Kisha angalia stima. Chaja dhaifu hufanya ubao uzime na kuwaka. Kama hodi inajibiwa lakini SSH inakataa, basi barabara ni nzima, tatizo ni lugha: huenda SSH haikuruhusiwa katika mipango ya kadi. Ukienda hivi, kila swali linaondoa nusu ya mashaka.

MAKTABA ISIYO NA RUTA

Sasa tufike pale ninapopapenda. Mpaka hapa ruta ndiyo mwenyeji na mashine zote mbili ni wageni. Je, ikiwa hakuna ruta? Kompyuta ndogo yenyewe yaweza kuwa mwenyeji. Kwanza nakili faili zako wakati bado umeunganishwa. Faili moja hunakiliwa hivi, ukiandika katika dirisha la kipakatalishi chako:

scp insha.pdf chama@maktaba.local:

Nukta mbili za mwisho zisisahaulike. Kisha ingia kwa SSH uandike amri hii kwa mstari mmoja:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid MAKTABA password

Mbele ya neno la mwisho ongeza nafasi, kisha neno la siri unalolitaka, lisilopungua herufi 8. Mifumo endeshi ya Raspberry Pi ya kuanzia mwaka wa 2023 huielewa amri hii moja kwa moja. Mara tu ukibonyeza, mazungumzo yako yatakatika. Usidhani umeharibu! Redio ni moja, na imeiacha ruta ili ianze kutangaza jina lake yenyewe. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye kipakatalishi, utaona MAKTABA. Jiunge. Sasa anwani ya mwenyeji ni 10.42.0.1, na unaingia tena hivi:

ssh chama@10.42.0.1

Ukiwa ndani, fungua mlango wa kusomea:

python3 -m http.server 8000

Basi! Kipakatalishi chochote kilichojiunga na MAKTABA kikiandika http://10.42.0.1:8000 katika kivinjari, kitaona orodha ya faili. Wasomaji wanaweza kufungua na kunakili, ila hawawezi kufuta wala kubadilisha. Kipakatalishi kikikuambia hakuna intaneti, kiambie ndiyo, najua. Acha dirisha lile la SSH wazi mpaka msomaji wa mwisho amalize, kwa maana ukilifunga mlango nao unafungwa.

Siku tuliyojaribu, vipakatalishi vinne vya maabara vilikuwa vinasoma hadithi nne tofauti kwa wakati mmoja, vyote kutoka kwenye ubao mdogo uliowekwa juu ya rafu. Bawabu wetu alikuja kufunga madirisha, akasimama mlangoni.

"Watoto, hii intaneti mmenunua pesa ngapi?"

"Hatujanunua, mzee. Hii si intaneti. Ni zile hadithi za nyanya zetu tulizorekodi, zinatoka kwenye hiki kidude."

"Na stima ikipotea?"

"Tunakipachika kwenye pawabanki, mzee."

Akacheka, akasema ati sasa hatuna tena sababu ya kutosoma. Nami naona alisema kweli. Hesabu ya dakika moja na nusu imebadilika. Wanafunzi 42 kwa vipakatalishi vinne ni kama watu kumi na mmoja kwa kila kimoja. Wakisoma wawili wawili kwa zamu, kila jozi inapata dakika kumi kamili ndani ya saa ile. Dakika kumi si nyingi, lakini hadithi moja fupi inaisha, na maswali yake mawili yanajibiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

KUFULI

Hapa naomba uketi wima. Kompyuta ndogo zikiachwa bila kufuli nzuri zaweza kuleta madhara makubwa kuliko udogo wake. Mwaka wa 2016 kulitokea programu ya uharibifu iliyoitwa Mirai. Haikutafuta kompyuta kubwa za mabenki. Ilitafuta kamera za ulinzi, ruta na vinasa video ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadilisha neno la siri la kiwandani. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri yapatayo 60 tu, ikayajaribu moja baada ya jingine, ikanasa vifaa maelfu kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo viliamrishwa kushambulia kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikisaidia kutafuta anwani za intaneti. Kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua kurasa kama za Twitter, kama ilivyoitwa wakati huo, na Netflix. Wenye kamera zile hawakujua hata kwamba mali yao iko vitani!

Raspberry Pi nazo zamani zilikuja na mtumiaji aitwaye pi na neno la siri linalojulikana dunia nzima. Mwezi wa Aprili 2022 utaratibu huo uliondolewa. Sasa lazima uchague jina na neno lako mwenyewe. Usichague 12345678. Usichague jina la shule. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe, yawe marefu na rahisi kwako kukumbuka. Na ukiweza kuchagua aina ya ulinzi wa Wi-Fi, chukua WPA2 ya mwaka wa 2004 au WPA3 ya mwaka wa 2018. Ile ya zamani iitwayo WEP ilivunjwa na wataalamu tangu mwaka wa 2001, kwa hivyo ni kufuli ya karatasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo jingine: kujua njia ya kuingia si ruhusa ya kuingia. Mtandao wa ofisi au wa jirani si uwanja wetu wa mazoezi. Jifunze kwa mashine yako, au kwa ile uliyopewa ruhusa.

ZOEZI

1. Wi-Fi nyingine hutumia gigahezi 5. Tafuta urefu wa wimbi lake kwa sentimita, kisha ulinganishe na wa gigahezi 2.4.

2. Rafiki yako anasema hodi inajibiwa lakini hawezi kufungua ukurasa wa maktaba. Ni makubaliano gani kati ya yale manne utayachunguza kwanza, na kwa nini?

3. Eleza kwa sentensi tatu tofauti kati ya mtandao na intaneti, ukimweleza mtu wa nyumbani kwenu ambaye hajawahi kutumia kompyuta.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninalolipenda. Ukiweza kumweleza shangazi yako jikoni kwa Kiswahili anachokielewa, basi umelijua jambo lenyewe. Ukishindwa, rudi usome tena ile sehemu ya makubaliano manne.

Mwalimu ameturuhusu kuitumia rafu ile ya maabara kila Alhamisi baada ya mjadala. Mwenye insha nzuri, maswali ya zamani, au hadithi aliyomrekodi babu au nyanya yake, alete tuinakili. Wanafunzi wapya waje pia, wasiogope kugusa. Ubao hauumi.

Kwa hayo machache kalamu naiweka chini. Kiswahili kitukuzwe!